Kabati la kuzuia kelele za kompresa, trei za mayai zinafaa?

fundi_uani
Assalaam alaykum jamani. Mie nnafanya kazi za mbao nyumbani, Jang'ombe, uani nna banda na ndani mna kompresa ya kupulizia vanishi na mashine ya kuvuta vumbi la randa. Sasa ukuta wa pili kuna chuo cha watoto, wakianza kusoma jioni hubidi nizime kila kitu, mwalimu hajanigombeza hata siku moja lakini mwenyewe naona haya, Qur-ani inasomwa na huku lidude langu linanguruma. Nataka nijenge kabati nizifungie humo zote mbili, itoke mipira tu. Watu wananambia nibandike trei za mayai kwa ndani, zinafaa kweli? Na kwa joto letu hili mota haitoungua?

mzee_wa_wete
Wa alaykum salaam. Trei za mayai zitoe kichwani kabisa yakhe, zile nyepesi, zinapunguza mwangwi kidogo tu na sauti yenyewe inapita kama kawa. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba. Kaa ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe, zile kuta nene za mawe na chokaa, vespa ikipita uchochoroni unaisikia dirishani tu, ukutani haipiti. Kwa hiyo ukiwa na nafasi jenga kwa tofali za saruji na upige plasta, maana tofali tupu lina vitundu na sauti inapenya. Nafasi ikiwa ndogo tumia plaiwudi nene kuta mbili, kila moja na fremu yake, zisigusane, mtetemo hupita kwenye mbao inayounganisha.

Halafu mlango, hapo ndo watu wengi wanapoharibu. Mlango uwe mzito na raba pande zote nne, na chini pia. Tundu ikiwa asilimia 1 tu ya ukuta basi hata ukuta uwe mnene vipi hupati kupunguza zaidi ya desibeli 20 hivi.

fundi_uani
Ahsante sana mzee wangu. Lakini nikiziba hivo si ndo nnapika mota?

binti_seremala
Utaipika kweli kaka ukiziba moja kwa moja. Mota ya hospawa 2 inakula kama wati 1500 na karibu zote zinaishia kuwa joto, ni sawa na kuiacha pasi ya umeme inawaka kabatini. Weka njia mbili za hewa, moja chini ya kuingiza na moja juu ya kutoa yenye feni, ila zisiwe tundu zilizonyooka. Tengeneza kijisanduku kirefu cha mbao chenye kona mbili tatu, ndani ukibandike kitu laini, hewa itazunguka itoke lakini sauti kila ikigonga kona inamezwa. Zifanye pana, hewa ikipita kwenye njia nyembamba nayo inapiga mluzi. Na usisahau ile ya vumbi inasukuma hewa nyingi kuliko kompresa, hewa yake lazima ipate pa kutokea.

Cha kubandika, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yanameza sauti vizuri na kwetu hayana bei, lakini yanashika moto, kwa hiyo karibu na mota weka pamba ya mawe ile isiyoungua. Godoro la sponji usithubutu, likiwaka moshi wake sumu.

Jengine khasa kwa sababu unapulizia vanishi: swichi ya kompresa inatoa cheche. Hewa ya kabati ivutwe kutoka nje, isitoke kwenye chumba chenye harufu ya tina, ile ya kuchanganyia vanishi, maana mvuke wake ukikutana na cheche unawaka.

mzee_wa_wete
Binti kasema kweli kuhusu tina, hilo usilipuuze. Mie naongeza, kabla ya kununua hata ubao mmoja weka raba nene chini ya miguu ya kompresa na mdomo wake wa kuvutia hewa uurefushe kwa mpira, kelele nyingi inatokea pale. Na bomba la kumwagia maji ya tangi litoe nje ya kabati ufungue kila jioni, unyevu wetu huu tangi linaoza kwa ndani huku nje linang'ara.

fundi_uani
Mungu awalipe. Naanza na raba na mpira wiki hii, mlango nitauelekeza upande wa migomba, sio wa chuoni.