Mrejesho: Nimerudi kurusha ndege baada ya miaka 4

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa tatu niliuliza hapa kama rubani aliyekaa chini miaka 4, akimuuguza mama yake Mikindani, bado anaweza kurudi kwenye ndege za abiria. Wengi mkaniambia: anza na daktari, barua za kazi baadaye. Nilifanya hivyo. Asanteni sana.

Cheti cha afya cha daraja la kwanza nikapata. Simuleta, ile mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, ndiyo ilinitoa jasho. Injini moja ikazimwa mara tu baada ya kuruka. Mguu ukakanyaga pedali sahihi wenyewe, lakini macho yalisahau kazi yake, spidi ikashuka. Mkufunzi akasema taratibu, "Spidi, kaka." Tulirudia mara 5 hadi ikakaa. Na kumbukeni, leseni peke yake haitoshi: kubeba abiria lazima uwe umeruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita.

Jana nimetua Mtwara, kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kusi ikivuma, mikorosho ikipita chini ya bawa. Mama alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, akasimama nje akipunga kanga.