Marehemu hajafika hata arobaini, mmeshamtungia hawara na mimba: hii simulizi iondolewe

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekasirika na sitaficha. Kuna simulizi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za Facebook, inamhusu msanii aliyetutoka juzi juzi. Simtaji msanii, familia yake imeshatajwa vya kutosha. Mwandishi naye simtaji, maana kumtaja ni kumpelekea wateja. Wanaoisoma wanajua naongelea ipi.

Jina la marehemu limegeuzwa herufi mbili tu. Mengine yote yameachwa kama yalivyo: mtaa aliokulia, gari lake na rangi yake, wimbo uliomtoa, ugonjwa uliomlaza, hadi biashara ya vitenge ya mama yake. Halafu pale juu mwandishi kaandika kwa herufi kubwa kwamba hadithi hii ni ya kubuni na ikifanana na maisha ya mtu yeyote ni bahati mbaya. Uongo mtupu. Angetaka tusimjue mhusika, asingetupa gari, wimbo na mama.

Sehemu ya kwanza imetoka turubai la msiba halijashushwa. Ilipofika sehemu ya sita marehemu ana hawara, hawara ana mimba, na mke anapelekwa na shoga yake kwa mganga. Sehemu ya tisa tuko kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, marehemu anamvuta muuguzi mkono ili amwambie siri, halafu inakatwa hapo hapo: itaendelea. Anayetaka yote mpaka mwisho atume 1,000 kwenye namba iliyowekwa chini. Yaani pumzi za mwisho za mtu, zimetungwa na mtu ambaye hakuwepo, zinauzwa buku.

Kilichonitibua zaidi ni maoni ya wasomaji. Mmoja kauliza, "Kwa hiyo ni kweli mke ndiye aliyemmaliza?" Mwingine kamjibu kwamba yeye alishasikia siku nyingi, mwandishi kathibitisha tu. Baada ya hapo watu wakakata kipande cha yule mganga, wakaliacha nje lile onyo la "hadithi ya kubuni", wakakisambaza kama habari. Nimekikuta kwenye grupu la ukoo wetu! Mama mtu mzima, shangazi yangu kabisa, anamwombea marehemu na papo hapo anamlaani mjane.

Na huyo mjane yuko eda, jamani. Miezi minne na siku kumi amekaa ndani, hatoki kwenda kwenye redio kukanusha, haingii mtandaoni kubishana na watu. Ana watoto wanaokwenda shule, na shule zetu tunazijua, watoto wana simu za wazazi mikononi. Nani atamweleza mtoto wa darasa la tano kwamba ile mimba ya hawara ni ubunifu wa mtu anayetafuta vocha?

Tulishapitia haya na hatukujifunza kitu. Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, alifariki usiku wa kuamkia 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, ana miaka 28. Tarehe 10 tukamzika Kinondoni, na wanaokumbuka wanajua viwanja vya Leaders tulipomuaga palikuwaje siku ile, watu wanazimia kwenye msongamano. Lakini kabla hata ya maziko, mtaani kila mtu alikuwa na mkanda wake kichwani: nani alisema nini mle chumbani, nani alianza, nani alianguka vipi. Wakasimulia kwa mazungumzo kamili kama vile walikuwa wamejificha chini ya kitanda. Mahakama Kuu imekuja kutoa hukumu 13 Novemba 2017: mwigizaji Elizabeth Michael, Lulu, aliyekuwa naye chumbani usiku ule, kuua bila kukusudia, miaka 2 jela. Zaidi ya miaka mitano vyombo vya dola vinapekua kilichotokea kwenye chumba kimoja, na mashahidi wameapishwa. Mtaa ulimaliza kesi kwa siku tatu. Na mpaka leo ukiwasikiliza watu wanavyobishana kuhusu kifo kile, wengi wanakupa ule mkanda wa mtaani, hawakupi kilichosemwa mahakamani. Hadithi ikishawahi, ukweli unakuja kukuta kiti kimekaliwa.

Najua watakaokuja hapa na hoja ya sanaa. Kwamba mwandishi yeyote huchota kwenye maisha ya watu. Nakubali, na mimi simulizi nazisoma tangu enzi za magazeti ya udaku, nikisubiri toleo la wiki ijayo. Unataka kuandika kuhusu mwimbaji maarufu anayekufa na siri? Andika. Mpe mji mwingine, kazi nyingine, ugonjwa mwingine, mke wa kwako uliyemtunga mwenyewe toka unyayo hadi utosi. Hadithi ikiwa nzuri itasimama. Huyu hataki kufanya hivyo kwa sababu anajua ukiondoa marehemu hakuna atakayetuma buku. Kinachouzwa pale ni msiba.

Wengine wataniletea Shaaban Robert, kwamba naye alimwandika mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliyefariki 1950. Someni vizuri basi. Shaaban Robert alimfuata Siti mwenyewe, akiwa hai, akakaa naye, akamsikiliza, ndipo akaandika wasifu wake. Msimtumie mzee wa watu kuwa kinga ya mtu aliyeokota uvumi kwenye maoni ya TikTok.

Halafu kuna hili la woga. Marehemu alipokuwa hai mwandishi huyu hakuthubutu kuandika hata aya moja. Alijua msanii ana meneja, ana wakili, ana ukurasa wake mwenyewe wa kujibu. Katika sheria ya Uingereza, ambayo nchi nyingi zimerithi misingi yake, marehemu hawezi kudai fidia kwa kuchafuliwa jina, wala ndugu hawadai kwa niaba yake. Watu wa aina hii wanaijua hiyo nafasi. Wanasubiri udongo ufunike kaburi, ndipo kalamu inapata nguvu.

Na sasa wameongeza akili mnemba. Ukurasa mmoja umeitengenezea ile sehemu ya hospitali video, yenye sauti inayofanana na ya marehemu, akimlaumu mkewe. Oktoba 2025 Zelda Williams, binti wa mwigizaji Robin Williams wa Marekani, aliwaomba watu waache kumtumia video za akili mnemba za baba yake. Baba amekufa tangu Agosti 2014! Miaka 11 ilikuwa imepita na bado zilimuumiza. Huyu wa kwetu mjane hata eda hajamaliza.

Ninachotaka:

Maadmini wa magrupu, futeni hivyo vipande, na anayerudia kuvituma mtoeni. Ninyi mnaotuma buku, acheni, kwa sababu sehemu ya kumi inaandikwa kwa hela zenu. Wenye uwezo wa kuifikia familia, waambieni wahifadhi ushahidi, namba ya malipo ikiwemo, wakamwone wakili: marehemu hashtaki, ila mjane yuko hai na ndiye aliyeitwa muuaji.

Na kama mwandishi yuko humu, maana najua mnapita, ajibu swali moja tu. Ile sehemu ya tisa, uliituma kwa mama wa marehemu kabla hujaanza kuiuza? Kama hukuituma, tuambie kwa nini.

Nasubiri.