Wenye nyumba, matanki yenu ya choo yanatumalizia maji na hela

Wakuu, nimeshindwa kuvumilia, leo naongea.

Nimepanga Dar, tuko watu sita ndani. Maji ya bomba yanatoka mara mbili kwa wiki, yakikatika naita boza linajaza simtank ya lita 2,000. Miezi yote nilikuwa nawagombeza watoto kwamba wanachezea maji. Jumamosi nikaamua kupima. Nikafunga koki ya choo, nikavuta maji, tanki likabaki tupu, nikaanza kulijaza kwa jagi la lita moja hadi kwenye alama. Majagi 13! Lita 13 za maji yaliyosafishwa na kutiwa dawa, kusukuma mkojo wa mtoto wa miaka minne!

Pigeni hesabu. Kila mtu akivuta mara tano kwa siku, ni mara 30, lita 390. Yaani simtank nzima inaishia chooni kwa siku tano, hatujapika, hatujafua, hatujaoga. Tanki la lita 6 lingetufikisha siku 11 kwa maji hayohayo.

Na lita 6 si maajabu. Marekani walipitisha sheria mwaka 1992, na kuanzia 1994 choo kipya cha nyumbani hakiruhusiwi kuzidi galoni 1.6, ambazo ni kama lita 6. Kuna matanki ya vitufe viwili, kidogo lita 3 kwa haja ndogo, kikubwa lita 6. Yapo hata madukani kwetu. Lakini muulize muuza vifaa vya ujenzi tanki hili linabeba lita ngapi, anakuangalia tu. Kwenye boksi rangi imeandikwa, lita hazijaandikwa.

Nikampigia mwenye nyumba. Kajibu, "Choo kinafanya kazi, tatizo nini?" Tatizo ni kwamba bili na boza nalipa mimi! Yeye alinunua tanki la bei rahisi mara moja, mimi nalilipia kila mwezi, halafu kwenye mkataba kaandika mpangaji asiguse bomba.

Hapo sijataja raba ya chini ya tanki, ile inayozuia maji yasishuke, iliyochakaa. Fundi alinifundisha: tia rangi ya chakula ndani ya tanki, usivute, subiri nusu saa. Maji ya kwenye sinki la choo yakibadilika rangi, tanki linavuja. La kwangu halikufikisha hata dakika kumi. Raba nimenunua mwenyewe. Nikazamisha na chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji, mbali na boya, angalau kila mvuto upungue kiasi hicho. Msiweke tofali, linamomonyoka na kuharibu raba.

Mwaka 2022 maji ya mto Ruvu, tunaoutegemea Dar, yalipopungua jiji zima tuliingia kwenye mgao, tukahimizwa tubane matumizi. Nabanaje na choo cha lita 13? Binti yangu wa miaka saba siku hizi anasimama mlangoni ananiuliza, "Baba, nivute au niache?" Inaniuma sana. Mtoto hapaswi kuomba ruhusa ya kuvuta maji chooni.

Nataka lita ziandikwe kwenye kila tanki linalouzwa, na anayejenga nyumba ya kupangisha azuiwe kufunga haya makubwa. Na kama kuna mpangaji humu aliyebadilisha tanki kwa hela yake na mwenye nyumba akakubali kulikata kwenye kodi, aje aeleze walikubaliana vipi. Kodi yangu inaisha mwezi ujao.