Papa wangu yuko kwenye oksijeni, mdomo umejaa utando mweupe. Nimtoe hospitali?

Binti_Kadutu: Ndugu zangu, salamu. Papa amelazwa hapa Bukavu, leo siku ya 9. Wamepima, ni Korona. Pumzi imeanza kurudi, lakini mdomo! Ulimi mweupe kama mashanza, yale maziwa ya mgando, pembe za midomo zimepasuka, hata uji anausukuma, anasema unamchoma na hauna ladha. Kuna mama anatibu kwa majani machungu ya mubirizi. Nimpeleke huko?

Kaka_Nguba: Korona gani tena? Shirika la Afya Duniani lilitangaza imeisha Mei 2023.

Mama_Wawili: Kilichoisha ni dharura, ugonjwa upo. Pole mwanangu. Mume wangu alilazwa 2021. Nilimpikia sombe na sambaza, akaonja, akalia, akasema ni kama anatafuna karatasi. Wakati huo tulikaa Panzi, nilikuwa napanda na sufuria kichwani kila siku.

Mzee_Ibanda: Mkikimbilia majani, mnasahau maombi. Mzazi haachwi hivyo.

Muuguzi_Mstaafu: Binti, anapewa dawa ya deksametazoni? Ana kisukari? Ana meno ya bandia? Na utando ukiupangusa unatoka?

Binti_Kadutu: Deksametazoni ndiyo, na antibiotiki. Kisukari hana. Utando unatoka, chini ni pekundu, damu kidogo.

Muuguzi_Mstaafu: Meno hujayajibu.

Binti_Kadutu: Anayo ya juu, yote. Hayajatolewa tangu aingie. Papa ni mzee wa kanisa, hata mama hajawahi kumwona bila meno. Aliniapisha nisiseme. Daktari akiuliza, najibu hana. Ndiyo maana nataka nyumbani, huko hakuna macho ya watu. Teksi nimekwisha kuiita, inakuja kesho asubuhi.

Kaka_Nguba: Hii hadithi imetungwa. Mtu anayetafuta pumzi anaapisha watu saa ngapi? Na mke asijue meno ya mumewe?

Binti_Kadutu: Kaka, hakusema kwa mdomo. Siku ya pili alishika kidole changu, akakiweka juu ya midomo yangu, kisha akagusa meno yake. Jana nilijaribu kuyavuta, yamegandia. Akanishika mkono, machozi yakamtoka. Ukitaka kuniita mwongo, niite.

Mama_Wawili: Mimi namwamini. Baba yangu alikuwa vilevile.

Muuguzi_Mstaafu: Nisikilize. Huo una dalili zote za fangasi. Deksametazoni inashusha kinga, antibiotiki inaua bakteria wanaomzuia fangasi huyo, oksijeni inakausha mate, na chini ya meno yale amepata maficho. Mwambie muuguzi wa zamu usiku huu, faraghani, avute pazia. Yatolewe, yasuguliwe, yalale majini kila usiku. Daktari akithibitisha, huwa wanatoa nistatini ya maji, dawa ya fangasi: anaizungusha mdomoni muda mrefu, ndipo anameza. Ulimi usafishe kwa chachi yenye maji. Limau usiguse, linachoma. Na oksijeni, mwanangu, usimtoe humo kwa ajili ya aibu. Nyumbani utampa pumzi kwa nini?

Mzee_Ibanda: Hapo kwenye aibu umesema kweli. Mimi pia ninayo ya chini.

Binti_Kadutu: Saa nne usiku. Muuguzi amevuta pazia, hakuuliza kitu. Meno yamo kwenye kikombe, nimeyafunika kwa kitambaa changu cha kichwa. Papa amegeukia ukutani, hajanitazama. Ila amekunywa maji vijiko vitano. Mwenye teksi bado sijampigia.