Naomba albamu za panki na roki ya gereji zisizopoa mpaka mwisho

fuzi_mpaka_asubuhi

Habari zenu wakuu, kwa wale tunaosikiliza panki na roki ya gereji, ile ya magitaa machafu yenye kelele, naomba mnisaidie. Sasa hivi narudia Fun House ya The Stooges (1970) kila nikipata nafasi na shida yake ni kwamba albamu nyingine zote naziona zimelala. Natafuta albamu nzima, sio wimbo mmoja mmoja, iwe imewaka toka wimbo wa kwanza na isiwe na ile nyimbo ya kubembeleza katikati. Ramones ya 1976 ninayo, Damned Damned Damned ya 1977 ninayo, MC5 ile ya laivu waliyorekodi Grande Ballroom kule Detroit mwaka 1968 ninayo. Ya zamani ya juzi nchi yoyote sawa tu, ila mnieleze na kwanini, mtu asitaje jina akapita.

Mzee wa Santuri

Mkuu kama umenasa kwenye Fun House basi unachokipenda ni bendi ikipiga pamoja chumba kimoja. Prodyuza Don Gallucci aliwaona jukwaani akajua hawa jamaa huwezi kuwarekodi mmoja mmoja, kwa hiyo kule studio Los Angeles wakaondoa vile vitu vya kutenganisha sauti wakajipanga kama wako shoo, mwimbaji wao Iggy Pop maiki mkononi, wimbo mmoja wanaupiga na kuurudia siku nzima mpaka ukae. Na huyu Gallucci ndo yule aliyepiga kinanda kwenye Louie Louie ya The Kingsmen mwaka 1963, so gereji alikuwa nayo kwenye damu.

Kwa hiyo rudi nyuma, nenda Tacoma jimbo la Washington, tafuta Here Are The Sonics ya 1965. Vijana watano, saksofoni imo, na Gerry Roslie anapiga ukunga mpaka unajiuliza koo lake limetengenezwa na nini. Nyimbo nyingi humo ni za watu wengine, Roll Over Beethoven imo, Good Golly Miss Molly imo, lakini zao wenyewe ndo moto wenyewe, Psycho na Strychnine, hiyo ya pili jamaa anasifia kunywa sumu kama anasifia soda. Sauti imekwaruza mwanzo mwisho kwa sababu walipiga kwa nguvu kuliko mashine ilivyoweza kubeba, na hakuna aliyewaambia wapunguze. Ukimaliza chukua Boom ya 1966.

bintiKariakoo

X-Ray Spex, Germfree Adolescents, 1978, London. Yani mimi hii albamu naipenda kupita maelezo. Mwimbaji wao Poly Styrene baba yake alikuwa Msomali mama Mwingereza, binti na vyuma vyake vya meno anaimba kuhusu plastiki na matangazo na watu wanaonunua vitu ili wajione watu, miaka ile, ukisikiliza leo utadhani kaandika jana. Na wameweka saksofoni juu ya magitaa, haipambi chochote, inagombana nayo. Nakwambia mapema wimbo uliobeba jina la albamu unapunguza mwendo, USIURUKE. Af mkuu kuhusu hiyo sheria yako, mbona Fun House yenyewe ina Dirt, dakika saba mwendo wa kobe?

fuzi_mpaka_asubuhi

Dirt sio ya kubembeleza dada, Dirt inatisha. Besi peke yake pale mwanzo inakufanya ukae vizuri. Mi ninachokataa ni ile prodyuza kasema wekeni moja ya redio. Ila X-Ray Spex naiweka ya kwanza, nilikuwa naujua wimbo wao Oh Bondage tu.

bintiKariakoo

Sawa hapo tumeelewana. Oh Bondage ilitoka singo 1977, kwenye santuri ya kwanza haikuwemo, wameiongeza kwenye matoleo ya baadaye, so angalia unapata toleo gani.

kaka_wa_South_B

Mbona hakuna mtu ametaja Zambia na iko hapo tu? Ngozi Family, Day of Judgement, 1976. Paul Ngozi na gitaa lake la fuzi, yani sauti iliyokwaruzwa makusudi, ngoma zinapigwa kama mtu anabomoa ukuta, hakuna usafi wowote na ndio raha yake. Watu wanaiweka kwenye Zamrok, yani roki ya Zambia ya miaka ya 70, pamoja na bendi za WITCH na Amanaz, ni kweli, lakini WITCH wana ufundi mwingi zaidi, Amanaz nao wana huzuni, Ngozi ndiye yuko karibu na panki kabla hata watu hawajaanza kusema panki. Na santuri nyingi za mwanzo za Zamrok zilichapishwa hapa Nairobi kwa sababu Zambia hawakuwa na kiwanda, kwa hiyo hii sio muziki wa mbali. Ukiipenda tafuta My Ancestors ya Chrissy Zebby Tembo, 1974, ni Ngozi Family haohao.

Radi ya Mwembe

Naongezea mbili za ndugu zetu weusi wa Marekani maana watu wanadhani haya mambo yalikuwa ya wazungu tu.

Death, For the Whole World to See. Ndugu watatu wa Detroit, kina Hackney, walirekodi 1975, bosi wa lebo kubwa akawaambia badilisheni jina la bendi, David, mmoja wa hao ndugu, akakataa katakata, mkataba ukafa na albamu ikakaa kabatini hadi 2009. Nyimbo saba tu. Kila nikisikia Politicians in My Eyes nafikiria albamu hii ingetoka wakati wake ingekuwa kabla ya Ramones na hadithi nzima ya panki ingeanza kusimuliwa kwa namna nyingine, inaniuma kwakweli.

Ya pili Bad Brains, ile ya kaseti ya 1982 yenye jalada la njano, Washington DC. Wameweka rege katikati, najua mkuu utanuna, lakini jaribu kuisikiliza bila kuruka, ukitoka kwenye rege ya Leaving Babylon ukaingia Fearless Vampire Killers ile spidi inakupiga kifuani, bila rege masikio yanazoea mbio unaacha kuzisikia.

Mzee wa Santuri

Naunga mkono hapo kwa Bad Brains, na kwa Death naunga mkono mara mbili.

kelele_safi

Za karibuni kidogo sasa. New Bomb Turks, Destroy-Oh-Boy!, 1993, Ohio, hawapumui kabisa. Jay Reatard, Blood Visions, 2006, nyimbo 15 na hazifiki nusu saa, hasira tupu lakini kila moja ina melodi inayobaki kichwani. Amyl and the Sniffers wa Melbourne, ile ya kwanza ya 2019, kuna kitu cha mtaani kwenye sauti ya yule dada huwezi kukiigiza.

Na kama unataka mwisho wa barabara, Wajapani, Guitar Wolf, Jet Generation, 1999. Lebo yao Matador iliweka onyo kabisa kwamba hii sidii ina sauti kubwa kuliko kawaida na hawakuwa wanatania, kwa hiyo kama unatumia hedifoni shusha voliumu KABLA hujabonyeza, af ndo upandishe taratibu.