Leo nimetukanwa dukani kwangu na mtu ninayemlipa kila mwezi! Eti "Mama, hivi vitu vina wenyewe"

Mama Gasketi:
Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo. Naandika mikono inatetemeka, kwa hiyo herufi zikiruka mtanivumilia. Mwenye hamu ya kusahihisha Kiswahili akafungue tuisheni.

Jina sitaji. Sina haja. Mwenye duka au kiofisi chochote kuanzia Gerezani mpaka Posta anawajua: poloshati za bluu, kitambulisho shingoni, kigari kimeandikwa ubavuni kwamba wewe fanya biashara, mambo ya kompyuta tuachie sisi. Nikawaachia. Laki nne kila mwezi nawaachia.

Leo ni tarehe 20. Mwenye VAT anajua tarehe 20 ni nini, ndiyo mwisho wa kupeleka marejesho ya mwezi uliopita. Tunafungua duka asubuhi, seva, ile kompyuta kuu ya duka, haiwaki. Stoku imo humo, ankara zimo humo, risiti za TRA zinapitia humo humo. Watu wamejaa kaunta. Kuna mteja wa Morogoro anataka shokapu na bushi, hela mkononi, na hatoki bila risiti maana bosi wake hatamwelewa. Serikali yenyewe imetufundisha, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Basi yeye anadai na mimi sina cha kutoa.

Napiga simu. Binti ana sauti ya asali: "Mama, tumeshakufungulia tiketi." Tiketi ya kwenda wapi? Napiga tena: "Tiketi yako ipo kwenye foleni." Mkataba umeandikwa masaa manne, nimeubandika ukutani hapo karibu na kalenda. Adhuhuri ikapita. Nikaswali, nikala, nikaanza kuwachukia hata wateja. Mara SMS inaingia: "Ndugu mteja, tatizo lako limetatuliwa. Tafadhali tupime kwa nyota 1 hadi 5." Limetatuliwa! Seva iko chini ya meza imekufa, mende anafanya matembezi juu yake, wao wanataka nyota!

Nikawaka kwenye simu, ndiyo wakatoa mtu. Alasiri hiyo. Kijana mdogo, vidude vya muziki masikioni, shikamoo hana. Akakaa kwenye kiti changu, akafungua ubavu wa seva, akapuliza vumbi kwa mdomo. Skrubu akaziweka kwenye kisahani cha kikombe changu cha chai, na chai bado imo. Moja ikatumbukia. Akaivua kwa kidole. Chai yangu! Nikanyamaza, nikasema huyu ni mtoto wa mtu.

Nikamuuliza kwa upole kabisa, wateja ni mashahidi: "Mwanangu, ile bakapu, nakala ya akiba ya hesabu zetu tunayoilipia, si tuichukue tuiweke kwenye kompyuta nyingine, watu wapate risiti kwanza?"

Akanitazama. Akacheka puani. Akasema, mbele ya wateja wangu, mbele ya vijana wangu wa dukani, mbele ya yule mbeba mzigo ambaye huwa ananiita bosi:

"Mama, hivi vitu vina wenyewe."

Wakuu. HIVI VITU VINA WENYEWE. Seva nimenunua mimi, risiti ya manunuzi ina jina langu, umeme wa LUKU nanunua mimi, yeye mwenyewe nauli yake imo kwenye laki nne yangu. Wenyewe ni nani? Na mteja wa Morogoro akacheka! Mtu niliyemwekea kiti na maji ya kunywa, akacheka mpaka akashika kaunta.

Halafu bakapu yenyewe mnataka kujua? Ile diski ya pembeni waliyonifungia wenyewe, akaichomeka kwenye laptopu yake. Imejaa pomoni. Imejaa nini? Muvi za kutafsiriwa! Msimu wa kwanza mpaka wa nne. Ankara zangu zilikosa nafasi kwa ajili ya madijei wa kutafsiri. Hapo nikategemea ataona haya. Wapi. Anasema itakuwa intaneti. Hawa watu, tangu nyaya za baharini zilipokatika Mei 2024 sehemu kubwa ya nchi ikakosa mtandao, hawajawahi kuwa na kosa tena. Karatasi ikinasa kwenye printa, waya wa baharini. Kibodi ikimwagikiwa soda, waya wa baharini. Feni ya seva imegoma kuzunguka Gerezani, eti waya wa baharini.

Mwisho kaondoka nayo. Seva nzima, kaipakata kwenye bodaboda, hesabu zangu zote na namba za wateja zinakwenda zinarushwa kwenye matuta, hakuna hata karatasi niliyosaini. Na pale mlangoni nilipomuuliza itarudi lini, kageuka, mnajua kasema nini? Hakusema. Katabasamu. Lile tabasamu lilikuwa linasema vina wenyewe.

Nawasilisha.

Kiti cha Mbele:
Nimewahi. Nani ana karanga?

Mzee wa Fyuzi:
Pole mama. Ila kijana kasema ukweli, vina wenyewe. Ndiyo maana mwenyewe kapita kuchukua chake na bodaboda.

Mama Gasketi:
Mzee wa Fyuzi, nakuheshimu, usinitafute leo.

Mtoto wa Keko:
Muvi gani hizo kwanza? Kama ni ile ya Kikorea ya mfalme kipofu, msimu wa nne nimeutafuta sana. Mama, diski unayo bado?

Mama Gasketi:
@Mtoto wa Keko, wazazi wako wanajua uko mtandaoni?

Nyaya Tupu:
Mleta uzi, hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, nikuambie ukweli ambao hautaupenda. Masaa manne kwenye mikataba mingi ni muda wa KUKUJIBU, siyo muda wa kutengeneza. Yule binti aliposema "tumekufungulia tiketi", yaani tatizo lako limeandikishwa, alikuwa ameshatimiza mkataba na akaenda kunywa chai. Kama hamkuandikiana muda wa mashine kurudi kazini, ulinunua salamu.

Kwenye bakapu wamekukosea, hapo sitetei mtu. Kanuni ya fani ni nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae nje ya jengo. Diski moja iliyochomekwa kwenye seva mchana na usiku haikusaidii siku virusi wa kufunga mafaili wakiingia, maana wanaifunga na yenyewe. Na bakapu ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa ni matumaini tu.

Lakini na nyie wateja mna mambo! UPS ya seva, ile betri ya umeme ukikatika, mnachomeka jagi la kuchemshia maji. Kompyuta imewekwa Windows ya wizi, ukisema inunuliwe halali mnauliza kwani hii haiwaki? Windows 10 imeachwa kuhudumiwa na Microsoft tangu tarehe 14 Oktoba 2025, mteja wangu mmoja bado ana 7 na anaisifia. Bili ya Januari mnalipa mwezi wa tano. Halafu usiku wa manane simu: "Kijana, WhatsApp ya mjukuu haifunguki."

Mama Gasketi:
@Nyaya Tupu, una poloshati ya rangi gani wewe?

Nyaya Tupu:
Ya kijani mkuu.

Mama Gasketi:
Bluu iliyofuliwa sana.

Kiti cha Mbele:
🤣🤣🤣 Karanga zimefika.

Mhasibu Mkavu:
Nawasalimu. Dada, hao unapowalipa ada ya huduma unawakata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA? Naona kila mtu anazungumzia seva, hakuna anayezungumzia zuio.

Mama Gasketi:
Mhasibu, mimi nimetukanwa. Wewe unaniletea zuio.

Mhasibu Mkavu:
Matusi hayakaguliwi. Zuio linakaguliwa.

Wakili wa Bure:
Hilo la kuondoka na seva ni zito kuliko mnavyocheka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Majina na namba za simu za wateja wako zikizagaa, wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyezikusanya. Kesho asubuhi nenda na hati ya makabidhiano, ina namba ya mashine, tarehe na jina la aliyechukua. Waisaini.

Mzee wa Fyuzi:
Waisaini "wenyewe".

Bosi wa Sinza:
Mama umelia kwa seva, mimi nilie wapi? Nina grosari, nimefungiwa kamera nane. Fundi kaweka paswedi anayoijua yeye, akabadilisha namba ya simu, akapotea. Juzi nimeibiwa. Nikahangaika nikapata mtu wa kufungua kile kirekodi. Picha safi kabisa, ila saa yake iliwahi kurudi mwanzo na hakuna aliyeirekebisha, tarehe imeandikwa 01/01/2000. Polisi anaangalia kideo, anamwangalia mtuhumiwa, anaangalia kideo. Mtuhumiwa kazaliwa 2004. Kaiba kabla hajazaliwa.

Kiti cha Mbele:
Uzi umepata mfalme mpya.

Mama Gasketi:
Bosi, pole, lakini wewe hukuambiwa kitu mbele ya watu. Mimi nimeambiwa VINA WENYEWE. Mtu wa Morogoro kacheka. Sasa hivi huko Msamvu wanasimuliana.

Lodji Kigamboni:
Hamjaona kitu. Aliyenitengenezea tovuti alisajili jina la biashara yangu la mtandaoni kwa jina lake na imeili yake. Miaka nalipia nikijua ni langu. Tukakosana kidogo tu, akaling'oa. Wageni wakiandika jina la lodji yangu sasa wanapelekwa kwenye tangazo la kuku wa kienyeji. Na naambiwa wanawauliza bei.

Mtoto wa Keko:
Hao kuku bei gani?

Nyaya Tupu:
Lodji, somo hilo. Jina la mtandaoni lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, imeili ya mwenye biashara, na paswedi uikabidhiwe ikiwa imeandikwa. Hata rauta, hata seva, paswedi kuu mwenye mali awe nayo kwenye bahasha. Mtu wa IT akikunyima, mwondoe.

Mama Gasketi:
Nyaya, hapo sasa umeongea. Kesho nawaomba paswedi.

Mzee wa Fyuzi:
Watakuambia...

Mama Gasketi:
USITHUBUTU.

Tona Mbili:
Mimi tatizo langu ni hawa wa kujaza tona pale mjini. Unajaziwa, unaprinti kurasa ishirini, inatoka michirizi. Ukirudi anakuambia printa yako imezeeka.

Mkwepu Boy:
Tona Mbili, ya kujaza haina shida, shida ni nyie mnaopenda rahisi. Nunua halisi.

Tona Mbili:
Halisi bei yake unapata printa nyingine na chenji.

Mkwepu Boy:
Basi nunua printa kila ikiisha wino, kwani nani kakukataza.

Bibi wa Sare:
Wanangu, mnapigania tona, hamjakutana na fundi cherehani. Nilipeleka kitambaa cha sendofu, mita nne, nimepima mwenyewe. Siku ya kuchukua kanipa gauni limenibana, eti kitambaa hakikutosha, dada umenenepa. Nikaenda nalo hivyo hivyo, sikai wala sili. Jumapili iliyofuata niko kanisani, naangalia benchi la mbele, mke wake kavaa kilemba cha kitambaa changu.

Bosi wa Sinza:
Wewe! Kilemba?

Bibi wa Sare:
Kilemba na mtoto kavaa sketi.

Kiti cha Mbele:
Samahani Bosi wa Sinza, taji linahama tena.

Mtoto wa Keko:
Na kilemba kilimkaa vizuri lakini?

Bibi wa Sare:
Kilimkaa kuliko gauni lilivyonikaa mimi, ndiyo kilichoniuma.

Mkwepu Boy:
Fundi yuko wapi huyo? Mke wangu ana kitambaa hapa.