Vitabu vya kuanzia transhumanizimu

Msomaji wa Kondele: Wadau, kikundi chetu cha kusoma hapa Kisumu kina walimu na wauguzi 12. Wengi hawajawahi kusikia transhumanizimu, yaani wazo la kumboresha binadamu kwa teknolojia. Tuanzie kitabu gani?

Nakuru_Vitabu: Msianze na The Singularity Is Near cha Ray Kurzweil (2005). Kina zaidi ya kurasa 600, na grafu zake nyingi ni za logarithimu: kila hatua kwenye mhimili ni mara kumi ya iliyotangulia. Asiyelijua hilo huona mstari ulionyooka, akadhani ukuaji ni wa polepole, na hoja nzima, kwamba teknolojia hukua kwa kasi inayozidi kuongezeka, ikampita.

Chapisheni nakala za hadithi fupi The Fable of the Dragon-Tyrant ya Nick Bostrom, inapatikana bure mtandaoni. Joka linadai watu 10,000 kila jioni, na baadaye ufalme unajenga reli ya kulipelekea. Joka lile ni uzee. Isomeni kwa sauti kikao cha kwanza, kisha ulizeni: kwa nini watu walizoea treni zile?

Mama wa Maktaba, Kakamega: Naunga mkono. Kisha To Be a Machine cha Mark O'Connell (2017), sura moja kwa wiki. Hazihitaji kufuatana sana. Ila msisome watetezi peke yao. The Case Against Perfection cha Michael Sandel ni kifupi, na wauguzi watakipenda: kinabana swali la wapi kutibu kunaishia na kuboresha kunaanza. Waulizeni chanjo iko upande gani.

Msomaji wa Kondele: Asanteni sana. Jumamosi tunaanza na joka.